Kilo za Kabelwa

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana mizani ya betri ilikwisha kuingia sokoni, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Shibeni. Usiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wamsubiri ofisa mwenye muhuri, ametoka kidogo kunywa chai, na hadi leo wako pale pale wanamsubiri.

Shibeni ilikuwa nchi ya amani na utulivu, na raia wake walikuwa wembamba. Hilo si tusi. Wataalamu wa Serikali walilichunguza kwa miaka mitatu wakagundua kwamba wembamba wa raia ulitokana na kupenda kwao mazoezi, hasa lile la kwenda kazini kwa miguu. Viongozi, kwa sababu ya majukumu, walinyimwa raha hiyo ya kutembea, wakawa wananenepa bila kupenda. Kila Siku ya Taifa raia walikusanyika uwanjani kuwaombea afya.

Katika nchi nzima alikuwapo mtu mmoja tu asiye na cheo aliyekuwa na mwili wa kuonekana. Jina lake Kabelwa, mpagazi wa Soko la Mabanda Saba. Huyu alibeba gunia la lumbesa, lile lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa cha pili, akapita nalo katikati ya wauza nyanya bila kugusa hata nyanya moja. "Mzigo haubebwi kwa kifua," alizoea kuwaambia wenzake. "Mzigo unabebwa kwa kiuno na subira." Jumapili, wenzake walipopumzika, yeye alivaa glavu akapigana ngumi katika ghala la pamba lililoachwa nyuma ya soko. Alipigana mapambano kumi na manne, akashinda yote kumi na manne, na wa mwisho kupigana naye alihama mtaa.

Kilo zake zilikuwa tisini na nne, na kila kilo ilijulikana ilikotoka. Mkewe Nyamizi alikuwa mama lishe hapo hapo sokoni, mwanamke mfupi mwenye mwiko mrefu. Kila Ijumaa walipofunga kazi alimsimamisha mumewe kwenye mizani ya mahindi, akaisoma, kisha akaanza kumgusagusa kama mtu anayekagua shamba lake. "Hizi mbili za begani ni kongoro la Jumatatu. Hii ya mgongoni ni ugali wa mtama. Hapa kiunoni pamelegea, kesho nitakupikia maharage ya nazi." Kabelwa alitulia tuli. Katika wiki nzima hapakuwa na saa aliyoipenda kuliko hiyo.

Sasa Kabelwa alikuwa na miaka thelathini na sita, na bondia wa umri huo ni ndizi iliyokwisha kuiva, isipoliwa leo kesho inatupwa. Akaona asizeeke na hamu yake moyoni. Akachukua karatasi akamwandikia bingwa wa bara zima wa uzito wa juu, Wasso Balende, aliyekaa nchi ya tatu kutoka Shibeni: "Ndugu Wasso, salamu. Nasikia umekosa mtu wa kukupiga. Mimi nipo. Kabelwa, Mabanda Saba." Baada ya wiki tatu akajibiwa: "Ndugu Kabelwa, salamu kwako na kwa mkeo. Nakuja siku ya tisini kuanzia leo, mkanda nitakuja nao. Usipungue kilo tisini na moja, sheria haitaki. Wasso."

Hivyo pambano la ubingwa wa bara likawa limekwisha kuandaliwa, kwa barua mbili na stempu mbili. Kilichobaki ni siku kufika. Kwa bahati mbaya, Serikali ikasikia.

*

Jumanne yake magari kumi na moja yaliingia sokoni, la kwanza likapita juu ya vitunguu vya watu. Kutoka gari la nne alishuka Mheshimiwa Gervasi Mkolokoti, Waziri wa Michezo, Shangwe na Mambo Yanayofanana na Hayo. Kushuka kwake kulichukua muda, maana gari lilikuwa limemzoea. Akapewa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alianza, na baada ya kuizingatia kwa dakika ishirini na tano akaingia kwenye hoja. "Baba Mlezi wa Taifa amebuni wazo la pambano la ubingwa. Wazo hili ni zito! Haliwezi kuachwa mikononi mwa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupigana tu. Kuanzia leo Kabelwa si wa Nyamizi, si wa soko, si wa mtu yeyote. Kabelwa ni mali ya umma!"

Watu walipiga makofi. Kabelwa naye alipiga, machozi yakimlengalenga, maana tangu azaliwe hakuwahi kuitwa mali na mtu yeyote mwenye gari.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Maandalizi, Hamasa na Ushindi, wajumbe arobaini na mmoja, mwenyekiti Mheshimiwa mwenyewe. Kikao cha kwanza kiliamua kwamba Kamati iwepo. Kikao cha pili kiliamua kwamba bondia aingie kambini, na asitie mdomoni chakula chochote kilichopikwa nje ya kambi, kwa kuwa maadui wa Shibeni, ambao hawakutajwa majina ili wasivimbe kichwa, wangeweza kumwekea sumu.

Nyamizi alipoelezwa hayo alishika kiuno. "Adui gani huyo aingie jikoni kwangu nisimwone? Jiko lenyewe hatua mbili!"

"Mama, hilo ni suala la usalama wa taifa," Waziri alimjibu kwa upole. "Halijadiliwi. Hata hapo ulipouliza, umekwisha kulijadili."

Siku ya kuondoka Nyamizi alimfungia mumewe glavu zake ndani ya khanga, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Kabelwa, chakula kina njia fupi. Sufuria, sahani, mdomo. Ukiona kimeongezewa njia, ujue kuna watu wamekaa njiani."

"Mke wangu, hii ni Serikali. Wamesema watachinja mbuzi wanne kila siku."

"Wamesema watachinja. Wamesema atakula nani?"

Kabelwa alicheka. Alimpenda mkewe, lakini alimwona wa sokoni, na mtu akiisha kuitwa mali ya umma huanza kuwaona wenzake kuwa ni wa sokoni tu. Akatia sahihi kiapo cha kurasa kumi na mbili, akapanda gari.

*

Na tuwe wakweli, kambini walipika. Mbuzi wanne walichinjwa kila asubuhi. Palikuwa na mayai ya kutosha kuezeka nyumba, kongoro, maziwa, mtori wa ndizi, mzito wa kusimamisha mwiko, na Ijumaa pilau ambalo harufu yake iliwafanya majirani wa kambi waache kupika, wakawa wanakula ugali mkavu kwa kuielekea.

Ila chakula cha Shibeni hakikwenda hovyo hovyo. Miaka mingi nyuma Baba Mlezi alikula hindi la kuchoma la barabarani, ili apigwe picha pamoja na wananchi, tumbo likamvuruga siku mbili. Tangu hapo ikapitishwa Sheria ya Uonjaji: chakula cha kiongozi, au cha mali ya umma, sharti kionjwe na kila ofisi inayohusika, na kila ofisi ikiisha kuonja iweke sahihi. Na katika Shibeni hapakuwa na ofisi isiyohusika na jambo, ikiwa jambo lenyewe lina nyama.

Sinia liliondoka jikoni saa sita mchana, limebebwa na watu wawili. Meza ya kwanza watu wa Usalama walitafuta sumu. Sumu, walieleza, hupenda kujificha mapajani, kwa hiyo mapaja yalichunguzwa hadi mfupani. Meza ya pili watu wa Afya walionja chumvi. Watu wa Viwango walipima kama vipande vinalingana; visivyolingana viliondolewa, kisha vilivyolingana vikaonjwa ili kuthibitisha ulinganifu. Watu wa Utamaduni walitaka kujua kama ladha ni ya kizalendo, wakabishana, ikawalazimu waonje upya. Meza zilikuwa saba. Ya saba ilikuwa ya Mheshimiwa Mkolokoti, aliyeonja kwa niaba yake na kwa niaba ya Baba Mlezi, yaani mara mbili, na kwa kuwa alikuwa mtu makini hakuweka sahihi kabla ya kujiridhisha.

Saa kumi sinia lilimfikia Kabelwa. Ndani yake mlikuwa na mfupa, jani la giligilani na cheti chenye sahihi saba kinachothibitisha kwamba kilichomo ni salama kabisa. Na kweli, hakikumdhuru.

Palitokea tatizo dogo la kisheria. Mwanasheria wa Kamati aligundua kwamba kwa kanuni chakula cha kambi huliwa na mabondia peke yao. Wajumbe walihuzunika, wengine wakaweka vijiko chini. Lakini Serikali sikivu haikosi njia. Siku hiyo hiyo wajumbe wote arobaini na mmoja waliandikishwa kuwa mabondia. Mheshimiwa Mkolokoti akawa Bondia wa Akiba Namba Moja, Katibu wake namba mbili, na kadhalika hadi mama mmoja wa Idara ya Kumbukumbu, ambaye alikuwa namba arobaini na moja na hakupenda kelele. Orodha ikapigwa muhuri, ikatumwa Chama cha Masumbwi cha Bara kama fomu ilivyotaka. Vijiko vikainuliwa.

*

Jumapili ya kwanza Nyamizi alikuja na kikapu. Mlinzi wa getini alikipokea, akakionja chote mpaka chini, akarudisha kikapu. "Salama," alisema, akijifuta mdomo.

Jumapili ya pili Nyamizi hakupita getini. Alizunguka nyuma ya ukuta, akarusha muhogo wa kuchemsha ukiwa bado unatoa moshi, na Kabelwa, mtu wa mikono myepesi, akaudaka. Akaunusa. Mate yalimjaa. Kisha akakumbuka kurasa kumi na mbili na sahihi yake, akaupeleka mwenyewe kwa mlinzi. Mlinzi alimpigia saluti, akaula mbele yake. Upande wa pili wa ukuta Nyamizi aliyasikia yote. Akaondoka. Kesho yake getini pakabandikwa tangazo lenye jina lake: ADUI WA LISHE, ASIKARIBIE. Kabelwa alilisoma kila asubuhi akienda mazoezini, na kila asubuhi aliona aibu, aibu kavu ya mtu aliyemtoa mke wake kwa ajili ya muhuri.

Wiki ya sita bukta yake ilifungwa kwa kamba. Wiki ya nane alilipiga gunia la mazoezi, gunia likaenda likarudi, likamwangusha yeye. Alilala pale chini akiitazama dari, akihesabu siku zilizobaki, akaona haya hayamfai mtu wa miaka thelathini na sita. Akaenda kwa Waziri. Tumbo la Mheshimiwa siku hizo lilifika mezani kabla yake.

"Mheshimiwa, napungua."

"Nani kasema?"

"Bukta."

"Bukta si chombo cha takwimu." Waziri alifungua faili, akaweka miwani. "Ripoti ya Kamati hii hapa. Uzito wa timu umepanda kwa kilo mia sita na kumi na mbili. Mia sita, Kabelwa! Hakuna timu barani iliyowahi kupiga hatua kama hiyo. Halafu wewe unakuja hapa kujitazama peke yako? Huo ni ubinafsi."

"Basi naomba ruhusa ya siku mbili, nikale kwa mke wangu."

"Ombi lako ni zuri sana. Tutaliundia kamati ndogo."

Kabelwa alitoka akiifikiria ile ripoti. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila yeye hakuwamo ndani yake.

*

Siku ya themanini na tisa ilikuwa ya kupima uzito. Baba Mlezi alikwisha kutangaza kwamba siku baada ya pambano itakuwa Siku ya Ushindi, mapumziko nchi nzima. Watoto wa shule walikwisha kufundishwa wimbo wake, na stempu za ushindi zilikwisha kuchapishwa. Wasso Balende aliwasili na begi moja, mkanda wa ubingwa ukiwa umefungwa ndani ya gazeti. Chama cha Masumbwi cha Bara kilimtuma msimamizi mmoja, Bwana Elmi, mzee mkavu aliyebeba mizani yake mwenyewe. Alisikiliza hotuba kumi na saba akiwa amesimama, kwa sababu viti vyote vilikaliwa na mabondia wa akiba.

Wasso alipanda mizani, ikasoma kilo mia moja na mbili. Kisha akaitwa Kabelwa. Alivua shati, na watu wa Mabanda Saba, waliokuja kumwona Kabelwa, wakaletewa mbavu zake. Nyamizi, aliyejipenyeza kati ya wauza vitunguu, alijiziba mdomo kwa khanga.

"Sabini na tisa," alisoma Bwana Elmi. "Hajatimiza. Pambano halipo."

Kabelwa alibaki juu ya mizani. Hakusikia kelele zilizoanza. Alisikia kitu kimoja tu, kwamba alikuwa na siku moja katika maisha yake, na siku hiyo imeliwa meza kwa meza, na yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi. Alishuka polepole kama anayeogopa kuvunja kitu.

"Halipo vipi?" Mheshimiwa Mkolokoti alisimama. "Haliwezi kutokuwapo! Siku ya Ushindi imetangazwa! Mizani hii ni mbovu, Bwana wewe. Mizani hii imetumwa!"

"Mizani ni nzima," alisema Bwana Elmi.

"Nitaiumbua mbele ya wananchi!" Waziri akavua koti, akavua viatu, akavua na saa, asije akasingiziwa. Akapanda. Mizani ililia kidogo, ikatulia. "Haya, soma uongo wake!"

"Mia moja ishirini na saba," alisoma Bwana Elmi. "Jina lako?"

"Mheshimiwa Gervasi Mkolokoti! Nani asiyenijua?"

Bwana Elmi alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akapitisha kidole. "Mkolokoti, Gervasi. Bondia wa Akiba Namba Moja. Muhuri wa Serikali upo. Kilo zinatosha." Akaandika, naye akapiga muhuri wake. "Pambano lipo."

Waziri alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake wa umma hakikutoka kitu. Kabla hakijatoka, Katibu alimkimbilia na simu. Alikuwa Baba Mlezi, aliyekuwa akisikiliza redio.

"Gervasi, nimesikia mmetimiza uzito. Hongereni sana." Simu ikakatika.

Katika Shibeni hakuna aliyempigia Baba Mlezi kumsahihisha. Aliyewahi kujaribu alikuwa balozi nchi za ng'ambo, na kesho yake akawa balozi wa nyumba kumi.

Watu walipotawanyika Wasso Balende alimfuata Kabelwa, ambaye alikuwa akivaa shati lake taratibu.

"Wewe ndiye uliyeniandikia?"

"Ndimi."

"Ulikuwa mgonjwa, ndugu yangu?"

"Hapana," alisema Kabelwa. "Nilikuwa kambini."

*

Bukta ya Mheshimiwa ilishonwa kwa rangi zote za taifa na mafundi wawili, kwa kuwa aliyepima mbele alihitaji mwenzake wa kupima nyuma. Kabelwa alipewa ndoo na taulo, akae kwenye kona, maana katika timu nzima ya mabondia arobaini na wawili ni yeye peke yake aliyejua kengele ikilia inamaanisha nini. Mabondia wengine walikaa jukwaani, karibu na mlango.

"Kabelwa, mwanangu," Waziri alinong'ona, jasho likimtiririka kabla ya kazi. "Huyu mtu anapiga kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, Mheshimiwa."

"Nifanyeje?"

Kabelwa alimtazama. Angeweza kunyamaza, na pengine hata wewe msomaji ungenyamaza. Lakini alikuwa bondia, na kwenye kona hakuna kudanganyana. "Inua mikono, teremsha kidevu, na usiongee."

"Hayo mawili nitajitahidi," alisema Waziri. "Hilo la tatu siliwezi."

Kengele ikalia. Mheshimiwa Mkolokoti alitembea hadi katikati ya ulingo, akawageukia watu, kidevu juu. "Ndugu wananchi," alisema, "itifaki imezingatiwa," akainua mkono wa kulia kusisitiza, kama alivyosisitiza mambo kwa miaka ishirini na mmoja. Wasso Balende hakujua mila za Shibeni. Aliona glavu inakuja. Alijibu kwa mkono wa kushoto, ngumi moja tu, tena ya heshima.

Mbao za ulingo zilitikisika mpaka ndoo ya Kabelwa ikamwagika. Mwamuzi akaanza kuhesabu, na mtangazaji wa Redio ya Taifa akahesabu naye: "Ndugu wasikilizaji, Mheshimiwa ameamua kulala chini kuonyesha mshikamano na wananchi wa hali ya chini! Anahesabiwa kwa heshima zote! Saba! Nane! Mheshimiwa hana haraka! Tisa! Ni kiongozi mtulivu sana huyu!"

Ilipotimia kumi, waliletwa watu wawili wa huduma ya kwanza na machela. Walikuwa raia wa kawaida, yaani wembamba. Machela ilichanika katikati. Wakatafutwa mabondia wa akiba wasaidie, wasionekane hata mmoja. Jukwaani ulipita uvumi kwamba sasa ataitwa namba mbili, na magari yote kumi na moja yaliondoka kwa mpigo, hata lile la nne. Mama wa Idara ya Kumbukumbu alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Ndipo mtu mmoja jukwaani akapaza sauti: "Si yupo mpagazi hapo?"

Uwanja mzima ukamtazama Kabelwa.

Aliweka taulo chini, akainama. Mzigo unabebwa kwa kiuno na subira. Kiuno hakikuwapo tena, akatumia subira. Akamtia Waziri mgongoni kama gunia la lumbesa, akayumba, akasimama. Watu wakampisha, hakuna aliyecheka. Soko la Mabanda Saba lilikuwa nyuma tu ya uwanja, na miguu yake ilijua njia ya huko.

Getini Nyamizi alikuwa akimngoja. Akashika mwendo kando yake, hatua kwa hatua.

"Ule muhogo, nilikosa," Kabelwa alisema akihema. "Nisamehe, mke wangu."

"Usiongee na mzigo mgongoni." Wakaenda hatua ishirini hivi. "Mzito?"

"Mzito. Ila si mgeni." Kabelwa alimrekebisha Mheshimiwa kidogo begani. "Hapa kushoto naona ni kongoro. Mbuzi wote wamekaa kiunoni. Hili linalonivuta nyuma ni pilau la Ijumaa, nalijua, nililinusa wiki kumi na mbili."

"Na ugali wa mtama?"

"Mtama haumo."

"Afadhali," alisema Nyamizi, akajifuta macho kwa upande wa khanga.

Pale kibandani palikuwa na kitu kimoja tu kisichovunjika, mizani ya mahindi, wakamlaza Waziri hapo. Nyamizi akafunua sufuria. Hakuuliza kama ana njaa. Aliweka ugali wa mtama mlima mzima, akamiminia supu ya kongoro, akasukuma sahani, na Kabelwa akala kwa mikono miwili, machozi yakidondokea mchuzini bila yeye kuyajali. Harufu ikatambaa hadi kwenye mizani. Jicho moja la Mheshimiwa likafunguka.

"Hicho chakula," aliuliza kwa sauti ya mbali, "kimeonjwa?"

Nyamizi alifunika sufuria. "Kinaonjwa, Mheshimiwa. Na mwenyewe."

*

Siku ya Ushindi ilisherehekewa kama ilivyopangwa, kwa kuwa stempu zilikwisha kuchapishwa. Redio ilieleza kwamba Shibeni imeshinda kwa kushiriki, na kwamba mkanda umeachwa kwa Wasso Balende autunze kwa muda. Mheshimiwa Mkolokoti alipewa nishani ya ujasiri akahamishiwa Wizara ya Chakula, mahali ambapo, Baba Mlezi alisema, uzoefu wake utafaa zaidi.

Wasso hakuhudhuria sherehe. Alikwenda Mabanda Saba, akaketi kwenye benchi la Nyamizi, akala sahani mbili, akaomba ya tatu. Alipoinuka alimshika Kabelwa bega, akalibonyeza kama mnunuzi wa embe. "Ukifikisha, niandikie. Barua tu, kama ile ya kwanza."

Ijumaa walipofunga kazi Nyamizi alimsimamisha mumewe kwenye mizani. Aliisoma, akafuta kioo chake kwa khanga, akaisoma tena. Themanini.

"Hii moja," alisema, akimgusa begani, "ni yangu."

Kabelwa alitulia kwanza aguswe. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akateremsha sauti.

"Zimebaki kumi na moja," alisema. "Usimwambie mtu."